Wikendi yangu ya mbio za skuta Mallory Park, na kwa nini vijana wetu wa Unguja wanahitaji kiwanja

Kiki ya Tatu (Leicester) – mleta uzi

Assalam alaykum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Kwenye uzi wa vespa za zamani niliahidi kwamba nikitoka uwanjani nitaeleza kila kitu. Nimerudi jana usiku. Oili bado imo kwenye kucha, na mguu wa kulia unauma kwa kukanyaga breki siku mbili. Mwenye kahawa aiweke karibu, maana nitaandika kirefu.

Kwa wasionijua: nimezaliwa Kikwajuni. Utoto wangu wote nimebebwa kwenye vespa 150 ya marehemu baba, kwanza nikisimama mbele baina ya magoti yake, halafu siti ya nyuma. Alinifundisha kusafisha plagi kabla sijaijua vizuri jedwali ya saba. Sasa naishi Leicester, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na kilomita 16 hivi magharibi ya mji kuna uwanja wa mbio, Mallory Park. Klabu za skuta huku zina wikendi zao: Ijumaa watu wanapiga mahema, Jumamosi wanafanya mazoezi na mbio, Jumapili mbio za mwisho, halafu kila mtu anafungasha anarudi kazini kwake. Hakuna anayelipwa. Hema la kushoto kwangu alikuwa fundi bomba, la kulia mwalimu wa skuli na mwanawe aliyekuwa akimshikia tochi. Kikombe cha mshindi unaweza kukitia mfukoni.

Mimi nina vespa ya PX 200, silinda ile ile ya kiwandani yenye kipenyo cha milimita 66.5, nimezipanua kidogo njia zake za kupitisha petroli na moshi na kubadilisha egzosi. Tairi la akiba nimelitoa, taa nimezitoa, kifuniko cha upande nimekitoa. Mnaozijua vespa mtaelewa nikisema ukishatoa lile tairi la akiba la kushoto, injini inabaki kulia peke yake na chombo kizima kinaegemea huko. Kona ya kulia na kona ya kushoto zinakuwa kama za vyombo viwili tofauti.

Ijumaa jioni, ukaguzi. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hiki ndicho kilichonifanya nianzishe uzi.

Mkaguzi ni mzee wa makamo, ana tochi na kitambaa. Hakuuliza mashine yangu inakwenda kasi gani. Alivuta mafuta akayaachia: je, yanarudi yenyewe? Alishika tairi la mbele akalitikisa kulia na kushoto. Alipapasa ncha za wenzo wa breki na klachi kuona kama zina kifundo cha mviringo, zisije zikamchoma mtu akianguka. Alibonyeza swichi ya kuzima injini. Halafu akalala chini kabisa, kwenye majani mabichi, kuangalia nati ya kumwagia oili. Nati hiyo lazima itobolewe na ifungwe kwa waya, ili hata ikilegea isitoke. Yangu nilikuwa nimeifunga. Ila ile nyingine ya kujazia sikuifunga. Akanirudisha.

Nilikasirika, sisemi uongo. Nilikuwa nimekesha kazini, njaa inaniuma, nati yenyewe nimeikaza kwa mikono yangu. Akaniambia kwa upole kwamba oili yangu ikimwagika kwenye kona hainiangushi mimi, inawaangusha walio nyuma yangu. Nikaenda kuazima drili kwa fundi bomba.

Helmeti nayo inakaguliwa, ina stika yake ya chama cha pikipiki cha Uingereza, bila stika hiyo huingii. Suti ni ya ngozi mwili mzima (yangu mtumba, imeshonwa mara mbili kiunoni). Shingoni unavaa kidani chenye jina lako na tarehe ya kuzaliwa. Na sisi wanagenzi tunavaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya ngozi, ili anayetoka nyuma ajue mapema kwamba huyu bado anajifunza. Kabla ya hapo nilikwisha kupimwa macho na kukaa darasani siku nzima kufundishwa bendera: njano kuna hatari na hakuna kupitana, nyekundu mbio zimesimama, buluu kuna mwenye kasi nyuma yako, nyeusi yenye namba yako utoke.

Jumamosi asubuhi, baridi. Ukungu umekaa juu ya ziwa, maana Mallory ina ziwa ndani yake. Mzunguko wa tatu wa mazoezi, nikiwa nimevuta mafuta yote kwenye mnyooko, nikasikia sauti ya mashine imebadilika, imekuwa kavu, halafu tairi la nyuma likashika. Imenoki, yaani pistoni imegoma ndani ya silinda. Vidole vyangu viwili havitoki kwenye klachi, baba alinizoesha hivyo tangu utotoni, nikaivuta papo hapo nikateleza mpaka pembeni nikiwa wima.

Kosa lilikuwa langu. Kabureta niliipima Jumatano alasiri, jua linawaka. Asubuhi ya baridi hewa ni nzito, inaingia nyingi zaidi, na jeti, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, ikibaki ile ile petroli inakuwa pungufu. Mashine ya mapigo mawili inapozwa na kulainishwa na petroli na oili inayopita ndani yake, ukiinyima inaungua. Plagi ilitoka nyeupe kama chaki. Nilifungua silinda, alumini ya pistoni imejipaka ukutani mstari mmoja. Mwalimu wa skuli, ambaye tupo kundi moja la mbio, alileta msasa na ringi mpya, tukakaa chini wawili tunasugua mpaka saa sita mchana kasoro. Nikapandisha jeti kuu kwa namba nne. Alasiri nilimaliza mbio wa 14 katika 19.

Lakini kabla ya mbio zangu lilitokea jambo. Kwenye kona kali ya juu kijana mmoja alianguka, mfupa wa bega ukavunjika. Bendera nyekundu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa pale pale tangu asubuhi, dakika mbili yumo ndani. Likamchukua hospitali. Na likishaondoka, basi. Shughuli yote ilisimama. Mashine zimezimwa, watu wamekaa juu ya ndoo, karibu saa nzima, mpaka gari jingine lilipofika. Hakuna aliyelalamika. Kanuni ni kwamba bila gari la wagonjwa hata injini moja haiingii uwanjani.

Nilikaa juu ya tairi langu nikamkumbuka binamu yangu. Wengine humu mnamjua, jina simtaji. Usiku wa manane, barabara ya lami mpya, vijana sita na vespa zao, wameshindana. Alipoanguka alilala pembeni mpaka ikapatikana kirikuu ya kumbeba. Mguu ulikatwa chini ya goti. Alikuwa anajua kuendesha kuliko mimi, wallahi. Ningempa PX yangu siku ile Mallory asingekuwa wa 14.

Wale vijana hawajaacha. Wapo, na mnawasikia usiku. Ninachotaka kusema ni kwamba wanachokikosa ni yule mzee wa tochi aliyelala kwenye majani, kizibao cha chungwa, na lile gari lililoegeshwa. Mashine na ujasiri wanavyo tangu zamani. Tujadili.

---

Tairi Kumi (Dar es Salaam)

Mkuu nimesoma neno kwa neno. Pole na hongera. Ila picha hujaweka, uzi wa mashine bila picha unatuumiza.

Swali langu: kasi yenyewe ni ngapi? Maana vespa ninayoijua mimi ikifika themanini inatetemeka mpaka miwani inashuka. Tairi lenyewe inchi 10. Hivi hizo ni mbio kweli au ni maonyesho?

---

Binti Kikwajuni (Unguja)

Waalaykum salaam kaka.

Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku. Hao vijana unaosema tunawasikia, mimi nawashona. Juzi nilimsafisha mmoja changarawe kwenye goti, ana miaka 17, alikuwa anauliza vespa yake iko wapi kabla hajauliza mguu wake.

Kwa hiyo nikuambie bila kukuficha, uzi wako nimeuogopa. Kijana atasoma kuhusu kona na jeti na kuchomoka, ataruka pale penye kizibao na gari la wagonjwa. Unaweza kuja huku ukafungua kiwanja kizuri, na Jumatatu usiku wakaenda barabarani kujaribu walichojifunza Jumapili. Umelifikiria hilo?

---

Kiki ya Tatu – mleta uzi

Tairi Kumi: picha zipo kwa mwalimu, akinitumia nitaweka. PX 200 ya kiwandani inakaribia kilomita 110 kwa saa, zilizofanyiwa kazi zinapita hapo kwa mbali. Lakini hesabu ya kasi itakupoteza. Mallory ni kilomita 2.17 tu kwa mzunguko. Unaanza mnyooko, unaingia Gerards, kona ndefu ya kulia isiyokwisha, yaani unalala na kuendelea kulala mpaka shingo inachoka. Hapo kitairi cha inchi 10 kinakusomea kila kijiwe cha lami. Tairi kubwa linazunguka na kujishikilia lenyewe, dogo linataka umtumikie: ukishtuka kidogo mkononi, chombo kizima kimeshtuka. Ndiyo maana wazuri wote wana mikono laini, utadhani wamebeba yai.

Halafu unapanda kilima mpaka kona kali inayokugeuza kurudi ulikotoka, Shaw's Hairpin. Pale lazima ushuke mpaka gia ya kwanza au ya pili kwa mkono wa kushoto, huku mguu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma, na mbele vespa inainama kama inasujudu kwa namna mkono wa tairi la mbele ulivyofungwa. Nimepitwa na watu wanne kwenye ile kona. Kisha unateremka Devil's Elbow, kona ya kushoto, na kushoto ndiko mashine yangu haitaki kwenda. Kwa hiyo ndiyo, ni mbio kweli kweli.

Dada Kikwajuni: swali lako ndilo lililonikalisha siku nne bila kuandika. Sina jibu la kukutuliza. Nitasema nilichokiona. Kwenye kundi letu wapo wawili waliokuwa wakishindana barabarani ujanani. Wote waliniambia waliacha walipoanza kuja uwanjani, na sababu waliyonipa si woga. Barabarani huwezi kujua kama umeboresha, hakuna saa wala kona ile ile mara 20. Uwanjani unapewa karatasi: mzunguko wa tano ulipoteza sekunde moja, wa sita umeipata. Ukishaonja hiyo karatasi, mnyooko wa usiku unakuwa hauna ladha. Hao ni watu wawili, sisemi kila mtu.

---

Fundi Mtungi (Mwanakwerekwe)

Salaam. Nimefungua vespa tangu mwaka 1991 na ninaomba kumsahihisha mleta uzi kidogo.

Umesema jeti, na baridi. Sawa, inawezekana. Lakini fundi akiletewa mashine iliyonoki asikimbilie jeti. Atazame kwanza hewa ya wizi. Kuna sili mbili, zile raba za kuziba, kwenye krankshafti. Ya upande wa sumaku ikichoka, mashine inavuta hewa kavu kupitia pale, petroli inakuwa pungufu, inanoki vile vile. Na wewe utapandisha jeti, itaonekana imepona, baada ya wiki inarudi. Ya upande wa klachi ikichoka, mashine inakunywa oili ya giabogsi, inatoa moshi mzito na plagi inalowa.

Dalili ya ya sumaku ni hii: unaachia mafuta na injini haishuki, inabaki juu ikilia, halafu inashuka polepole. Ukiona hivyo usiende nayo popote. Usikaze waya wala usiguse skrubu ya sailensa, ile ya mngurumo wa chini. Fungua sumaku utazame.

Ulitazama?

---

Kiki ya Tatu – mleta uzi

Shukran fundi. Nilitazama, ndiyo, sili zote nilibadilisha kipupwe kilichopita, na injini ilikuwa inashuka vizuri. Pia nilifanya jaribio la plagi alasiri kwa jeti mpya: mnyooko mzima mafuta yote wazi, kisha unavuta klachi na kuzima injini wakati huo huo, unasukuma mpaka pembeni na kuifungua plagi. Ilitoka rangi ya kahawia kama biskuti. Lakini ulivyosema ni sawa kabisa, na ningeliandika mwenyewe nisingeliandika vizuri hivyo.

---

Mzee wa Lambreta (Mombasa)

Wanangu, nimesoma nimefurahi, nimesoma nimehuzunika kwa yule kijana wa mguu. Allah ampe subira.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na Lambretta Li 150 hapa Mombasa miaka ya sitini. Ubishi wa nyumbani kwetu ulikuwa mmoja tu, Lambretta au Vespa, na marehemu mama alikuwa akitufukuza ukumbini. Niwape asili yake, maana vijana wengi wanaziendesha bila kujua zimetoka wapi.

Vespa ilisajiliwa Aprili 1946, kiwanda cha Piaggio pale Pontedera, Italia. Vita vimekwisha, kiwanda cha ndege kimepigwa mabomu, watu hawana usafiri. Mchoraji wake Corradino D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hakuzipenda: chafu, na tairi likitoboka ni taabu. Kwa hiyo akaificha injini, na tairi la mbele akalishika kwa mkono mmoja kama gurudumu la ndege, ulitoe kwa upande. Huo mkono mmoja ndio unaoinama anaosema mleta uzi. Vespa maana yake ni nyigu. Mwaka uliofuata Innocenti wa Milano akatoa Lambretta, jina la mtaa wa Lambrate kilipokuwa kiwanda chake. Hii ina fremu ya bomba na injini iko katikati, si kulia. Ndiyo maana sisi wa Lambretta tulisema, na tunasema mpaka leo, kwamba kwenye kona chombo chetu hakina upande.

Na ubishi huo haukuwa wa Mombasa peke yake. Mwaka 1951 Vespa walitengeneza chombo kama kombora, Dino Mazzoncini akakiendesha kilomita 171 kwa saa. Lambretta hawakulala, mwaka huo huo Romolo Ferri akapita 200 kwa injini ya cc 125. Ya cc 125! Waingereza nao kuanzia 1957 walikuwa na wiki nzima ya skuta kwenye kisiwa cha Man, watu wanakuja na mahema kama hivi alivyoeleza mleta uzi, wanashindana mchana na kuimba usiku.

Lambretta ya Italia ilifungwa 1971 na mitambo ikapelekwa India. Na Vespa nayo iliundwa India kwa leseni, na kampuni ambayo jina lake leo mnalitaja kila siku mkisimamisha usafiri wa magurudumu matatu: bajaji. Msifikiri skuta ni kitu cha watu wa mbali.

---

Tairi Kumi

Shikamoo mzee. Hilo la bajaji limenikamata, nimemwambia dereva wangu wa asubuhi hakuamini.

---

Mzee wa Lambreta

Marahaba mwanangu.

---

Siti ya Nyuma (Unguja)

Mimi ni mgeni humu, naomba mnivumilie.

Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi ni katika wale. Nina miaka 19, PX 150 ya mjomba. Siku ile ya binamu yake mleta uzi mimi sikuwepo, lakini barabara ni ile ile na sisi ni wale wale. Kaka, sikujua kama ni ndugu yako. Tunamtembelea, tunamletea urojo.

Dada muuguzi, hatuendi kwa sababu tunataka kufa. Mchana kuna magari, kuna askari, hakuna pa kwenda. Usiku barabara ni tupu. Ni hivyo tu.

Na nina swali kwa Fundi Mtungi. Hiyo dalili uliyosema, kuachia mafuta injini isishuke. Yangu iko hivyo wiki ya tatu. Nilidhani waya umekauka nikautia oili. Bado.

---

Fundi Mtungi

Kijana, nisikilize vizuri. Usiiwashe tena.

Ukiwa na mafuta yamekwama kwa waya, ukivuta klachi injini inapiga kelele unazima, basi. Lakini ikiwa ni sili, itanoki, na itanoki ukiwa kasi, kwa sababu kasi ndiyo inayoimaliza petroli. Tairi la nyuma litashika bila kukuaga. Mleta uzi alikuwa na vidole kwenye klachi na uwanja mpana. Wewe una ukuta na mnazi.

Isukume, usiiendeshe, uniletee. Mwanakwerekwe ulizia mafundi wa vespa nyuma ya wauza mabati, utanikuta. Sili nitakuuzia kwa bei niliyonunulia. Kazi utaifanya mwenyewe na mimi nikikutazama.

---

Binti Kikwajuni

Siti ya Nyuma, ahsante kwa kusema. Maneno yako yamenifanya nisome uzi upya, na la kwamba hakuna pa kwenda sikuwa nimelipima.

Kaka Kiki, swali la pili. Tuseme si mbio. Tuseme ni kitu kidogo, mchana, mahali palipozungushiwa kamba. Kinaanzaje? Sitaki maneno makubwa ya kuomba serikali ijenge uwanja. Nataka kujua Jumapili moja tu inakuwaje.

---

Kiki ya Tatu – mleta uzi

Dada, hili nilikuwa nalingojea.

Klabu za skuta tangu zamani zina kitu kinaitwa gimkana. Kiwanja cha wazi, hata cha majani au udongo mgumu, kama vile Maisara. Unaweka koni, kama huna koni ndoo au chupa zilizojazwa mchanga. Mtu mmoja mmoja kwa zamu, hakuna wawili uwanjani kwa pamoja, kwa hiyo hakuna wa kugongana naye. Unapita kwa kupinda baina ya koni, unazunguka ndoo moja duara kamili, unapita juu ya ubao mwembamba, unasimama ndani ya kisanduku kilichochorwa kwa chokaa. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde. Ukiweka mguu chini unaongezewa. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Gia ya pili inatosha, hufiki hata kilomita 30 kwa saa.

Na ipo mbio moja ambayo ningependa wale vijana waijaribu: mbio za mwisho kufika. Mita 20, kila mtu kwenye mstari wake, wa mwisho kumaliza bila kukanyaga chini ndiye bingwa. Waliokuwa mbele yangu mbio nzima Mallory ndio walionishinda hapa pia Jumapili asubuhi. Ni klachi, breki ya mguu, na pumzi. Mtu anayeweza kutambaa mita 20 kwa dakika moja na nusu, huyo anaijua mashine yake.

Mahitaji: saa ya simu, chokaa, kamba. Mkaguzi mmoja mwenye tochi asiyejali wewe ni mtoto wa nani (fundi, nakutazama wewe). Helmeti, viatu vya kufunika, suruali ndefu, mikono mirefu, glavu. Na mtu wa tiba, na gari la kumbeba aliyeumia, liwe limeegeshwa pale na dereva ndani, ufunguo uko kwenye swichi. Gari likiondoka, wote wanazima. Hili la mwisho likikosekana msifanye, hata watu wakiwa wamekwisha kujaa.

Gharama, najua Tairi Kumi anataka kuuliza: huku leseni, mafunzo, ada ya kuingia na ngozi vimekula akiba yangu ya miezi mingi, na bado nililala kwenye hema la kuazima. Ile ya koni ni bei ya chokaa na petroli ya gari moja.

---

Binti Kikwajuni

Kwa mtu wa tiba, nihesabuni mimi. Nitatafuta na mwenzangu mmoja. Mkoba wa huduma ya kwanza ninao. Lakini sitakaa pale kama gari halipo, na nikisema mmoja asiendelee, haendelei, hata akiwa ndiye anaongoza.

---

Fundi Mtungi

Ukaguzi nitafanya. Ijumaa baada ya alasiri, gereji kwangu. Asiyekaguliwa Ijumaa Jumapili anakaa kwenye kamba na watazamaji.

---

Tairi Kumi

Nauli ya boti naanza kuitafuta leo. Vespa sina, nitashika saa.

---

Siti ya Nyuma

Nimerudi kutoa taarifa.

Niliisukuma kutoka Amani mpaka Mwanakwerekwe juzi, watu wakiniuliza njiani imeishiwa petroli. Fundi alinipa spana, yeye akakaa kwenye kigoda. Nilitoa feni, nikatoa sumaku. Sili ilikuwa imekauka, mdomo wake umepasuka karibu robo ya duara, na pembeni pamelowa vumbi na oili. Fundi akaniambia nifungue na silinda hedi nitazame. Juu ya pistoni palikuwa peupe, na pembeni vidoa vidogo kama imedonolewa na kuku. Alinyamaza kidogo, halafu akasema ilibaki siku chache.

Nimeweka sili mpya kwa mkono wangu. Nimewasha kiki ya pili. Nikivuta mafuta nikiachia, inashuka pale pale.

Wenzangu watano wamesoma uzi huu kwenye simu yangu jana, tumekaa barazani. Wanne wamesema Ijumaa watakuja kwa fundi. Wa tano anataka kwanza kuiona hiyo mbio ya kuchelewa, anasema hakuna anayeweza dakika moja na nusu. Tumechora mstari wa mita 20 kwa mkaa uani kwa mjomba. Mimi nimefika sekunde 41, nikakanyaga.

Kaka Kiki, klachi unaiachia nusu, au unaivuta na kuiachia mara kwa mara?

---

Kiki ya Tatu – mleta uzi

Unaiachia mpaka pale inapoanza kuuma, unaiweka hapo hapo bila kuisogeza, na mwendo unaupunguza kwa breki ya nyuma peke yake. Macho yasitazame tairi, yatazame mwisho wa mstari. Na mwambieni binamu yangu aje ashike saa pamoja na Tairi Kumi. Atakataa mara ya kwanza. Mwambieni tena.